Ziwa la Mlimani Wakati wa Macheo: Picha na Uhariri Wake

Katika fani ya upigaji picha, ziwa la mlimani wakati wa macheo ni somo lililozoeleka kiasi cha kudharauliwa na baadhi ya wahakiki, ambao huliona kuwa pambo la kalenda na la kuta za mahoteli. Hata hivyo, ni masomo machache yanayoisumbua kamera kiasi hicho, kwa sababu ndani ya fremu moja hukutana kilele kilichokwisha kupigwa na jua, bonde ambalo bado limo gizani, na maji ambayo hayana nuru ya kwao ila huazima ile ya vitu vinavyoyazunguka. Mazungumzo haya yanalichunguza somo hilo kwa mfano wa maziwa madogo ya Mlima Kenya, hasa yale ya upande wa mashariki yaliyo kwenye njia ya Chogoria, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba uhariri wa picha kwenye kompyuta ni sehemu halali ya kazi ya mpiga picha, mradi ufuate kanuni za nuru zilizotawala asubuhi ile picha ilipopigwa, na kwamba anayezivunja kanuni hizo hufichuliwa kwanza na maji yenyewe.

Maziwa hayo yametokana na barafu ya kale, ambayo katika zama za baridi kali iliteremka kutoka vileleni ikichimba mabonde na kuacha mashimo yaliyokuja kujaa maji. Kundi liitwalo Hall Tarns liko kwenye mwinuko wa karibu mita 4,300, juu ya genge lijulikanalo kwa jina la Temple, na mtu anayesimama ukingoni mwa genge hilo huliona Ziwa Michaelson chini kabisa, katika Bonde la Gorges, ambalo hupitisha maji ya mto Nithi. Vilele viko upande wa magharibi: Batian chenye mita 5,199, Nelion chenye mita 5,188, na Lenana chenye mita 4,985, ambacho ndicho hufikiwa na wapandaji wengi kwa sababu hakihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Mpangilio huu una faida kubwa kwa mpiga picha, kwani jua linapochomoza humjia mgongoni na kuvipiga vilele usoni, hivyo miamba hupokea nuru ya kwanza ya siku bila kivuli cha mlima mwingine kuikinga.

Jambo linalotofautisha macheo ya hapa na yale yanayosimuliwa katika vitabu vingi vya upigaji picha ni Ikweta. Vilele vya Mlima Kenya viko chini ya kilomita 20 kusini mwa mstari huo, na kwa sababu hiyo saa ya kuchomoza kwa jua haibadiliki sana mwaka mzima: huchezacheza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi. Muhimu zaidi ni kwamba jua hupanda karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa, ambao ni sawa na uzi mmoja kila dakika nne. Linganisha na Alaska, ambako Mmarekani Ansel Adams alipiga mwishoni mwa miaka ya 1940 mojawapo ya picha mashuhuri zaidi za aina hii, ile ya mlima Denali na Ziwa Wonder. Kwenye latitudo ile, mwezi Julai, jua huchomoza kwa mshazari mkubwa na kupanda kwa karibu robo tu ya kasi ya Ikweta, hivyo nuru ya alfajiri hukaa muda mrefu na mpiga picha hupata nafasi ya kubadili lenzi, kusogeza kamera na hata kubadili nia. Kwenye Mlima Kenya nafasi hiyo haipo. Nuru nyekundu kabisa juu ya miamba huisha kabla birika la chai halijachemka, ingawa kwa mwinuko ule maji huchemka mapema, kwenye kipimo cha nyuzi 86 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo mashauri ya vitabu vya Ulaya na Marekani kuhusu saa nzima ya nuru ya dhahabu yapokelewe huku kwa tahadhari, kwani kinachopatikana ni dakika 20 na ushei, na zile zenye thamani kubwa ni chache zaidi ya hizo.

Hali ya hewa nayo ina ratiba yake. Miezi inayotumainiwa ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, lakini hata katika miezi hiyo mawingu hupanda kutoka misituni kadiri jua linavyopasha mabonde, na mara nyingi kufikia saa nne au saa tano asubuhi vilele huwa vimefunikwa. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, aliyeichunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki, alieleza kwamba huko kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi, na maelezo hayo humfaa mpiga picha kuliko utabiri wowote. Usiku halijoto hushuka chini ya sifuri, utando mwembamba wa barafu huota kandokando ya maziwa, na upepo mara nyingi hutulia kabla tu ya kupambazuka. Utulivu huo ndio unaofanya maji yawe kioo. Jua likishapasha miteremko, hewa huanza kutembea, uso wa ziwa hukunjamana, na taswira ya mlima huvunjika vipande.

Kuhusu vifaa hakuna haja ya maneno mengi, kwani kamera yoyote ya kisasa inatosha. Stendi ya miguu mitatu inahitajika kwa sababu nuru ya kabla ya jua ni hafifu na mkono uliopigwa na baridi hutetemeka. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi huipunguzia nguvu. Na kamera iliyolala nje ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingizwa hemani, ili mvuke ugande juu ya plastiki badala ya kugandia kwenye lenzi. Jingine ni afya: kwenye mita 4,300 shinikizo la hewa ni takribani asilimia 60 ya lile la Mombasa, na mtu aliyepanda haraka bila kuuzoesha mwili hufanya maamuzi ya ovyo, likiwemo lile la kusogea ukingoni mwa genge gizani.

Nuru yenyewe huja kwa mafungu. Fungu la kwanza huonekana magharibi, upande ambao wengi hawautazamii, ambako kivuli cha dunia hujichora angani kama utepe wa rangi ya samawati iliyokolea, na juu yake utepe mwingine wa waridi, ambao ni nuru ya jua lisilochomoza bado ikirudishwa na vumbi na hewa. Kadiri jua linavyokaribia upeo wa macho upande wa mashariki, kivuli hicho hushuka nyuma ya vilele. Kisha ncha ya Batian huwaka. Wekundu wake hauna muujiza: nuru ya jua lililo chini kabisa hupita katika tabaka nene la hewa, na hewa huitawanya zaidi nuru ya buluu kuliko nyekundu, hivyo inayofika kwenye mwamba ni ile iliyokwisha kupoteza ubuluu wake mwingi. Ule ubuluu uliotawanywa haupotei. Huenea angani na kushuka juu ya kila kitu ambacho jua halijakifikia. Kwa maneno mengine, kwa dakika chache mandhari hiyo moja huwa na taa mbili zenye rangi zinazopingana, moja ya dhahabu kwa vile vinavyoliona jua na nyingine ya buluu kwa vile vilivyo kivulini, na msikilizaji anaombwa aishike hoja hii kwa sababu makosa mengi ya uhariri yanatokana na kuisahau.

Tofauti ya mwangaza kati ya taa hizo mbili ni kubwa. Wapiga picha huipima kwa hatua, ambapo kila hatua moja ni kuzidisha nuru mara mbili au kuipunguza kwa nusu. Kihisi cha kamera nzuri ya leo, yaani kile kibao kidogo kinachopokea nuru mahali pa filamu ya zamani, huweza kunasa takribani hatua 14 kikitumiwa katika wepesi wake wa chini kabisa. Kwa kawaida hizo hutosha kwa kilele na ziwa pamoja, lakini kwa sharti moja: kiasi cha nuru kipimwe kwa kukifuata kilele, kwa sababu weupe uliopita kiasi hauna taarifa yoyote ndani yake na hakuna programu inayoweza kuurudisha, ilhali weusi wa kivuli huwa bado umeficha mengi. Chombo cha kuthibitisha jambo hilo ni histogramu, ambayo ni mchoro unaoonyesha ni sehemu ngapi za picha zilizo za giza, za kati na za mwanga. Ikiwa mchoro umejibana ukutani upande wa kulia, basi theluji na miamba iliyoangaziwa imeungua. Iwapo kihisi hakitoshi, hupigwa picha tatu au tano zenye viwango tofauti vya nuru, bila kuisogeza kamera, ili ziunganishwe baadaye.

Hapo ndipo maji yanapoingia, na ndipo palipo utamu wa somo hili. Watu wengi hudhani kwamba taswira iliyo majini ni nakala ya mlima iliyogeuzwa kichwa chini. Haiko hivyo, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni mwangaza. Nuru inayoyaangukia maji wima kutoka juu hurudishwa kiasi cha asilimia 2 hivi tu, na iliyobaki huzama. Nuru inayoyapiga kwa mshazari wa nyuzi 10 tu kutoka usawa wa maji hurudishwa karibu asilimia 35. Na kadiri inavyozidi kulala ndivyo inavyorudishwa zaidi. Maana yake ni kwamba taswira ya kilele kirefu huwa nyeusi kuliko kilele chenyewe, pengine kwa hatua moja na nusu au mbili, na kwamba sehemu ya maji iliyo karibu na miguu ya mpiga picha, ambayo huitazama akiinama, huonyesha mawe ya chini kuliko inavyoonyesha anga. Sababu ya pili ni pembe ya kuona. Taswira ya majini huonekana jinsi ambavyo mlima ungeonekana na jicho lililo chini ya uso wa ziwa, kwa umbali uleule ambao kamera imeinuliwa juu yake. Jiwe lililo kando ya maji huonyesha mgongo wake kwa kamera, lakini taswira yake huonyesha tumbo. Na ukingo mdogo wa karibu, ambao kwa macho haufiki hata nusu ya urefu wa kilele, unaweza katika maji kumeza sehemu ya mteremko unaoonekana waziwazi juu. Kwa hiyo kamera ikishushwa sentimita 40 tu kuelekea maji, mlima mwingi zaidi hurudi ziwani, jambo ambalo haliwezi kurekebishwa baadaye kwa programu yoyote bila kubuni.

Kanuni hizo zinahukumu pia vichujio, yaani vioo vya rangi au vya giza vinavyowekwa mbele ya lenzi. Kichujio cha nusu giza, ambacho sehemu yake ya juu hupunguza nuru ya anga huku ya chini ikiwa angavu, ni msaada mzuri, lakini kikizidi nguvu hufanya taswira ya majini iwe na mwangaza mwingi kuliko mlima uliozaa taswira hiyo, hali ambayo haitokei katika maumbile. Jicho la mtazamaji huitambua hitilafu hiyo hata pale ambapo mwenyewe hawezi kuieleza. Huhisi tu kwamba picha ina kasoro fulani. Kichujio cha kuchuja mng'ao nacho kitumiwe kwa akili, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia nuru iliyorudishwa na uso wa maji, nguvu yake ikiwa kubwa zaidi pale maji yanapotazamwa kwa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Mtu aliyepanda siku tatu kufuata taswira ya Batian ziwani, kisha akakizungusha kichujio hicho mpaka taswira ikafifia na mawe ya chini yakajitokeza, amepata picha ya mawe.

Kabla ya kuingia kwenye kompyuta, ni vyema ikumbukwe kwamba uhariri haukuzaliwa na kompyuta. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray, aliyepiga picha za bahari, alikuta kwamba kemikali za wakati wake zilihisi zaidi nuru ya buluu, kiasi kwamba anga liliungua likawa jeupe wakati maji yalipopata nuru ya kutosha. Katika baadhi ya picha zake akaunganisha negatifu mbili, moja ya anga na nyingine ya bahari, kwenye karatasi moja. Adams naye, ambaye kabla ya kuwa mpiga picha alisomea piano, aliitazama negatifu jinsi mwanamuziki anavyozitazama nota zilizoandikwa, na uchapaji wa picha akauona kuwa ndio uimbaji wenyewe. Katika chumba cha giza alizuia nuru kwa kadi au kwa mkono ili sehemu fulani ya karatasi ibaki nyeupe, au akaizidisha sehemu nyingine ili ikolee weusi. Wanaodai kwamba picha halisi ni ile isiyoguswa wanadai kitu ambacho mabingwa wa fani hiyo hawakuwahi kukidai.

Dai hilo limekuwa gumu zaidi katika zama za simu. Simu nyingi za kisasa, mtu anapobonyeza mara moja tu, hunasa fremu kadhaa kwa kufuatana, huziunganisha, huyainua maeneo ya giza, hutuliza anga na kunoa kingo, na yote hayo hufanyika kabla picha haijaonekana kwenye kioo. Kijana anayepiga ziwa kwa simu na kujivunia kwamba hakuihariri picha yake amehaririwa na kiwanda, kwa ladha iliyochaguliwa na watu ambao hawakuwepo ziwani. Mpiga picha anayehariri mwenyewe, kwa kulinganisha na kile alichokiona, yuko karibu zaidi na ukweli kuliko huyo.

Msingi wa uhariri wa aina hiyo ni faili ghafi, yaani taarifa zote za kihisi kabla hazijapikwa na kamera. Faili ya kawaida ya JPEG huhifadhi madaraja 256 ya mwangaza kwa kila rangi, ilhali faili ghafi ya kamera nyingi huhifadhi madaraja 16,384, na tofauti hiyo huonekana mara tu mtu anapojaribu kuangaza kivuli: JPEG hupasuka mapande na kutoa mistari angani, faili ghafi hustahimili. Programu za kazi hii ni nyingi. Photoshop ilitoka mwaka 1990 na Lightroom mwaka 2007, na zote mbili hulipiwa. Darktable na GIMP hupatikana bure, na kwa kazi inayozungumziwa hapa zinatosha kabisa.

Hebu ichukuliwe faili moja ya namna hiyo, ya Hall Tarns, iliyopigwa dakika chache baada ya jua kugusa vilele, yenye kilele chekundu juu, mteremko wa kivuli katikati, na ziwa chini pamoja na lobelia mkubwa kando yake. Jambo la kwanza la kuamuliwa ni mizani ya weupe, yaani chaguo la rangi ipi ihesabiwe kuwa nyeupe. Kamera ikiachiwa ijiamulie huiona dhahabu ya alfajiri kuwa ni kosa na kujaribu kuifuta, hivyo mhariri huirudisha kwa kiasi. Kiasi hicho hupatikana kwa kutazama kivuli badala ya kilele: utando wa barafu ukingoni mwa ziwa, ambao unaangaziwa na anga tupu, unapaswa kubaki na ubuluu. Ukigeuka kuwa wa manjano, mizani imepitiliza. Ni ajabu jinsi kosa hili lilivyoenea. Picha nyingi za milima zinazosambazwa leo zimepakwa rangi ya chungwa kutoka juu hadi chini, theluji, vivuli, nyasi na maji vyote kwa pamoja, utadhani jua lilichomoza pande nne za dunia kwa wakati mmoja.

Baada ya rangi huja mwangaza. Kilele hupunguzwa kidogo ili mistari ya mwamba ionekane, na kivuli huinuliwa, lakini kisiinuliwe mpaka kikalingana na mchana, kwa sababu giza la bonde ndilo linalokipa kilele moto wake. Wanaounganisha fremu kadhaa huanguka mara kwa mara katika mtego huu: kila sehemu ya picha hupewa nuru ya kutosha, na matokeo yake ni mandhari isiyo na saa, yenye utepe mweupe unaouzunguka ukingo wa mlima pale programu iliposhindwa kutenganisha mwamba na anga. Kisha mhariri hushughulikia ziwa, na hapa kanuni ni nyepesi kutamka: kila badiliko linalofanywa juu ya mstari wa maji lifanywe pia chini yake, kwa kiasi kile ambacho maji yangeruhusu. Kilele kikipunguzwa nusu hatua, taswira yake nayo ipunguzwe. Anga likikolezwa, maji yakolee. Na wakati wote taswira ibaki nyeusi kuliko chanzo chake.

Lobelia wa mbele naye anastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndiye anayeweza kuithibitisha saa ya picha. Aina iitwayo kitaalamu *Lobelia deckenii*, jamii ndogo ya *keniensis*, hushika maji katikati ya majani yake yaliyojipanga duara, na usiku uso wa maji hayo huganda huku ya chini yakibaki maji na kulikinga chipukizi lililo ndani. Alfajiri, kabla jua halijafika, majani huwa yamejikunja kuelekea katikati na kile kifuniko cha barafu huonekana kati yake. Picha yenye kilele chekundu cha alfajiri na lobelia aliyefunguka wazi, mwenye maji yaliyoyeyuka na yanayometa kwa jua, imeunganishwa kutoka nyakati mbili. Mtaalamu wa mimea ataligundua hilo kwa kuitupia jicho mara moja.

Yaliyosemwa kufikia hapa yanahusu urekebishaji. Kubuni ni jambo jingine. Mwaka 1982, jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada lililosimama wima, na lawama zilizofuata zimebaki kuwa somo katika vyuo vya uandishi wa habari hadi leo. Kilichohitaji mitambo ya gharama wakati ule sasa kinafanywa na mtoto wa shule: tangu mwaka 2020 Photoshop ina amri ya kubadili anga zima, na programu nyingine hufanya vivyo hivyo kwenye simu. Wanaoitumia amri hiyo kwenye picha za maziwa mara nyingi huacha maji yakionyesha anga lile la zamani. Wengine huenda mbali zaidi; hukata sehemu ya juu ya picha, huigeuza kichwa chini na kuibandika chini kuwa ziwa tulivu, wasijue kwamba jiwe lililo kando litaonyesha mgongo wake mara mbili na kwamba mlima wa chini utang'aa sawasawa na wa juu. Hakuna haja ya chombo cha upelelezi kumkamata mtu wa namna hiyo.

Ubaya wa kubuni, kwenye mlima huu hasa, unavuka mipaka ya sanaa. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899 pamoja na waongozaji César Ollier na Joseph Brocherel, msafara wake ulikuwa na mpiga picha, Campbell Hausburg, ambaye jina lake limebaki kwenye bonde na ziwa dogo la mlima huo. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alifuatana na Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, hadi Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo ya leo, akipiga picha za vilele ambavyo mawingu huvifunika karibu kila siku. Hakuna aliyedhani wakati huo kwamba picha hizo zingegeuka kuwa vipimo. Leo watafiti huziweka kando ya picha mpya ili kuona barafu ya kudumu imerudi nyuma kiasi gani: Rwenzori ilikuwa na takribani kilomita za mraba 6.5 za barafu mwaka 1906, na kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba, na kwenye Mlima Kenya barafu ya Lewis inaendelea kusinyaa. Tathmini ya UNESCO ya mwaka 2022 ilionya kwamba barafu za Afrika zilizo katika orodha ya urithi wa dunia huenda zikatoweka zote kufikia mwaka 2050. Mhariri anayeipamba picha ya ziwa kwa kuongeza theluji juu ya Lenana, kwa sababu tu mlima wenye theluji huuzika, anaharibu ushahidi ambao hauwezi kukusanywa tena.

Theluji ya kweli pia huja na kuondoka. Usiku mmoja wa dhoruba huweza kuuvika mlima mzima weupe, na ifikapo saa sita mchana ukawa mweusi tena, hivyo hata picha ya kweli isiyo na tarehe humpotosha anayeitafsiri baadaye. Kwa sababu hiyo, wote wanaopanda na kamera au simu, wawe wageni, waongozaji wa Chogoria au wanafunzi walio kwenye ziara, wanaombwa kufanya mambo machache ya bei nafuu: kuihifadhi faili asili kando ya ile iliyohaririwa, kuandika tarehe, saa na mahali walipokuwa wamesimama, na pale anga, theluji au maji yalipobadilishwa, kulisema jambo hilo katika maelezo ya picha, mahali ambapo kila mtazamaji ataliona.